Kaa Nasi Jioni Moja

Jumamosi asubuhi alikuja msichana mmoja na kishikwambi hapa kwetu mtaa wa Umoja, Nairobi, akamwomba Mama dakika kumi. Anafanya utafiti wa jinsi watu wanavyotumia runinga ya dijitali nyumbani. Akauliza kwa adabu, "Mama, jana ulitazama stesheni gani, na kwa muda gani?" Mama akajibu, "Taarifa, mwanangu. Kwa muda wa saa moja hivi." Akabonyeza, akashukuru, akaenda mlango wa pili. Hasira haijanitoka hadi leo, na simlaumu yeye. Namlaumu aliyetunga maswali.

Mama alisema kweli, lakini jioni yetu nzima ilipotelea humo. Runinga yetu huwashwa saa kumi na moja, watoto wakitoka shule. Mama huwa jikoni anakanda unga wa chapati. Picha haioni, anasikiliza tu, na akisikia sauti aipendayo hutoka mikono imejaa unga, akasimama mlangoni. Huyo anatazama au hatazami? Watoto wa jirani hujazana kwetu kwa sababu kifurushi chao kimeisha. King'amuzi chao kimefunikwa kitambaa kikingoja mwisho wa mwezi. Kwenye hesabu za watafiti, ile ni nyumba yenye dijitali. Taarifa ya Kiswahili tunaitazama sote, rimoti ikiwa mkononi mwa Baba. Ikifika ile ya Kiingereza ya saa tatu, Mama ameshasinzia kitini. Na tokeni za stima zikikaribia kuisha, runinga ndiyo ya kwanza kuzimwa.

Najua hojaji ndefu huchosha watu. Sawa, hilo nakubali.

Lakini kutoulizwa vizuri kulishatugharimu. Mitambo ya zamani ya analojia ya stesheni kubwa za Kenya ilipozimwa Februari 14, 2015, ili tuhamie dijitali, stesheni hizo zilipotea hewani kwa zaidi ya wiki mbili. Mama alirudia redio. Baba alikimbilia mjini akanunua king'amuzi cha kulipia, hakuna aliyemweleza kwamba vipo visivyo na malipo ya kila mwezi. Mwezi uliofuata tukakatiwa, tukakaa na runinga kama pambo la sebule.

Mtafiti aje saa kumi na moja jioni, akae hadi saa tatu, aone nani anashika rimoti na nani anaketi sakafuni. Chakula kipo.

Mama ameniuliza mara mbili kama yule msichana aliandika habari za watoto wa jirani. Nilikuwa nimeketi kando yake nikiona kioo cha kishikwambi. Hapakuwa na mahali pa kuandika.