Asilimia 100 Isiyo ya Kweli

Steshenari yoyote yenye wateja wengi inaujua mkasa huu. Mtu kaleta flashi anataka video ya harusi, kijana wa kompyuta anakopi faili la GB 1, mstari unakimbia hadi asilimia 100 kwa sekunde chache, flashi inachomolewa, pesa inalipwa. Nyumbani video inacheza mpaka katikati inakwama, au haifunguki kabisa. Kijana anaonekana hajui kazi, au flashi inaitwa feki. Mimi namtetea kijana. Mkosaji ni ule mstari.

Mara nyingi faili haliendi kwenye flashi moja kwa moja. Linapokelewa kwanza kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo ina kasi sana, halafu linaandikwa kwenye flashi taratibu wakati wewe umeshaangalia pembeni. Mstari unahesabu kilichoingia RAM tu. Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, kwa mpangilio wake wa kawaida, inaruhusu data inayosubiri kuandikwa ifike karibu asilimia 20 ya kumbukumbu iliyopo, kwa hiyo kompyuta yenye RAM ya GB 8 inaweza kuimeza GB 1 yote kwa mkupuo. Flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde bado inahitaji sekunde 100 kuimaliza kazi hiyo. Na faili likizidi kiwango hicho kinachoruhusiwa kwenye RAM, ndipo unaona mstari umekimbia mwanzoni kisha umeganda, watu wanaanza kubonyeza ovyo.

Windows nayo imeyapitia. Kwenye toleo la XP kisanduku chenye ule mstari kiliweza kufungwa huku data bado inaandikwa. Toleo lililofuata, Vista, lilipokuja, ukopiaji mwingi uliacha kupitia hifadhi ya katikati kwenye RAM, kisanduku kikakaa mpaka kazi iishe kweli. Watu wakalalamika kwamba ni nzito! Mwaka 2008, kwenye SP1, sasisho kubwa la kwanza la Vista, Microsoft wakarudisha utaratibu wa zamani. Inaniuma, maana mstari uliosema kweli ndio ulioonekana mbovu. Afadhali tangu Windows 10 toleo la 1809, la mwaka 2018, flashi kwa kawaida zinaandikwa bila kuchelewesha data namna hiyo.

Sidai RAM iachwe, bila hiyo kompyuta ingekuwa mzigo. Nadai kisanduku kionyeshe namba mbili: kilichopokelewa na kilichoandikwa. Wala si jambo gumu, kwa sababu kompyuta inajua. Kwenye Linux fungua /proc/meminfo, faili la taarifa za kumbukumbu, uangalie mistari ya Dirty (data inayosubiri kuandikwa) na Writeback (inayoandikwa sasa hivi) wakati unakopi. Utaona data inayosubiri ikipanda, kisha ikishuka polepole muda mrefu baada ya mstari kutangaza umemaliza. Kwa nini taarifa hiyo ifichwe huko ndani, wakati anayeihitaji ni yule aliyeshika flashi mkononi?

Kwa sasa, ukikopia mtu kitu chake, bofya alama ya kutoa flashi, au kwenye Linux andika amri ya sync kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na usichomoe mpaka kompyuta ijibu. Mteja akiwa na haraka, mwambie asubiri.