Fielder ya Kilomita 218,000

Shemeji yangu anafundisha shule ya msingi karibu na Ahero. Jumapili jioni alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata kitu anachokitaka na kukiogopa. "Shemeji, nimeona Toyota Fielder ya 2013. Mwenyewe ni mmoja tu tangu iingie nchini, anataka 870,000. Shida ni mita, inasoma 218,000. Wenzangu stafurumu wanasema nikinunua hiyo nimenunua chuma chakavu." Kwenye yadi moja mjini Kisumu alikuwa ameonyeshwa nyingine ya mwaka huohuo: kilomita 94,000, bei 1,150,000. Moyo wake ulikuwa umeshaelekea kwenye yadi. Mimi nikamwomba asilipe hata shilingi mpaka tuzungumze.

Gari lililotoka Japani juzi hakulitaja, nami namwelewa. Tangu 2023 ushuru wa forodha wa magari yanayoingia umepanda kutoka asilimia 25 hadi 35, na juu yake kuna ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16. Tena sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo yale ya bei nafuu zaidi kule hayawezi kuja. Mwalimu anabaki na magari yaliyokwisha kutumika hapahapa, na mengi yamekimbia.

Lakini kukimbia kupi? Chukua gari la abiria linalotoka Nakuru kwenda Nairobi na kurudi kila siku. Safari moja ni kama kilomita 160. Likifanya kazi siku 25 kwa mwezi, limekula kilomita 8,000. Baada ya miaka miwili na miezi mitatu linasoma 216,000. Sasa weka kando yake gari la mtu wa Section 58, mtaa wa hapa Nakuru, anayeshuka mjini, anarudi, anapeleka watoto, anazima, anawasha. Injini yake haipati joto la kutosha, unyevu na petroli vinabaki ndani ya oili, breki na giaboksi hazipumziki kwa ajili ya foleni na matuta. Ukihesabu kilomita kwa kilomita, hili la pili ndilo linaloumia zaidi. Hilo la kwanza nalo lina maradhi yake, hasa kama lilibeba watu kumi na oili ikamwagwa pale tu mwenyewe alipokumbuka. Mita haikuambii lolote kati ya hayo.

Na mita yenyewe hudanganya. Hapa ndipo ninapoumia, kwa sababu nilishadanganywa. Mwaka 2016 nilinunua gari hapa Nakuru, dashibodi ikisoma 89,000. Miezi miwili baadaye fundi wangu kule Shabab alifungua kichujio cha hewa, akaona pembeni kibandiko kidogo cha gereji ya Kijapani, kile wanachobandika wakibadilisha oili. Kilikuwa na namba ya kilomita: 143,000. Nilikuwa nimepanga kubadilisha oili ya giaboksi nikifika laki moja, nikidhani niko mapema. Giaboksi haikunisubiri. Ilinigharimu 140,000, na kilichonikera kuliko pesa hizo ni kwamba nilikuwa nimeongezwa bei kwa ajili ya ile 89,000. Nililipia uongo, kisha nikalipia matokeo yake.

Tangu hapo nimekuwa na maoni ambayo mafundi wengi wananikubalia na wanunuzi wengi wananikatalia: hofu yetu ndiyo inayorudisha mita nyuma. Mnunuzi akiona namba imepita laki moja na nusu haangalii hata boneti, anaondoka. Broka analijua hilo. Mwenye kompyuta na waya wake huifuta laki nzima kwa muda wa kunywa chai. Kwa hiyo mtu anayeniletea gari lenye 218,000 bila kuigusa namba amekubali kupoteza pesa ili aseme kweli. Haimaanishi gari lake ni zima. Inamaanisha nina pa kuanzia.

Ile ya 94,000 ina umri uliopita miaka kumi na miwili. Ni wastani wa chini ya kilomita 8,000 kwa mwaka. Inawezekana, kwa gari la mstaafu wa Milimani anayekwenda kanisani na sokoni. Lakini mwuzaji aonyeshe. Kule Japani gari la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2, na kilomita huandikwa kwenye cheti. Gari linapotoka hupewa cheti cha kusafirishwa nje, na kabla ya kupakiwa melini hukaguliwa kwa viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Mwenye nakala za karatasi hizo anaweza kukuambia liliingia na ngapi. Miaka ya huku nyumbani ndiyo giza, na giza hilo huondolewa na daftari la sevisi na risiti peke yake.

Wale walimu wa stafurumu hawajakosea, hata hivyo. Kuna vitu vinavyokufa kwa kilomita tu, uwe umelitunza gari namna gani: shoksi, bushi, beringi za magurudumu, pampu ya maji, mpira unaoshikilia injini. Gari likifika laki mbili huanza kuvidai vyote kwa pamoja, na mshahara wa mwalimu hauji kwa pamoja. Injini ya Fielder ile, 1NZ, inatumia mnyororo wa taimingi, usiobadilishwa mara kwa mara kama mkanda, kwa hiyo sikuiogopa sana. Ingekuwa Subaru yenye mkanda wa taimingi unaotakiwa kubadilishwa kwenye kilomita laki moja hivi, na hakuna anayejua ulibadilishwa lini, ningesema uhesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika ukiwa njiani, kwa injini nyingi za aina hiyo ni vali na pistoni kugongana.

Hofu yangu ilikuwa giaboksi. Fielder nyingi za toleo lililoanza 2012 zina CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatuahatua, na CVT haisamehe oili isiyo yake wala oili iliyochoka. Nayo barabara ya shemeji si tambarare: akitoka Ahero kwenda kwao mkewe anapanda mpaka Kericho, karibu mita 900 juu ya Kisumu. Akija kwangu Nakuru ana mteremko wa Sachang'wan kuelekea Salgaa. Breki, usukani na chesisi, kwangu, havina mjadala wa bei. Kimoja kikitia shaka, gari lirudi kwa mwenyewe hata kama analitoa kwa laki tatu.

Nilichomwambia ni hiki. Tofauti ya bei ni 280,000. Sacco yake imekubali kumkopesha hadi 1,200,000. Akichukua ya 218,000, asikope zaidi ya bei yake, na awe na 150,000 zake mwenyewe pembeni kabla hajakabidhiwa ufunguo. Kama hana hizo, asinunue yoyote mwaka huu, aendelee na matatu. Gari la kilomita nyingi ni la mtu aliyebakiwa na kitu mfukoni. Aliyemaliza yote kwenye kununua litamfunga.

Jumanne alikwenda na fundi saa kumi na mbili asubuhi, injini ikiwa baridi, maana gari lililokwisha pashwa moto huficha mengi. Moshi wa buluu haukuwepo. Chini ya kifuniko cha oili hapakuwa na utando mweupe. Pedali na ngozi ya usukani vimelika sawasawa na 218,000, jambo lililonifurahisha. Tairi mbili za nyuma zimezeeka. Oili ya giaboksi ilikuwa nyeusi, ingawa haikunuka kuungua, na kwenye kilima gari halikusita. Mwenyewe, mama mmoja mstaafu wa idara ya kilimo, alitoa daftari lenye tarehe za oili kila baada ya kilomita 5,000, isipokuwa miezi saba ambayo alisema alikuwa mgonjwa. Ameshuka hadi 815,000.

Watu wa yadi nao wamempigia mara mbili, wakisema kuna mteja mwingine anaitaka ile ya 94,000. Shemeji amewaomba picha ya cheti cha kusafirishwa kutoka Japani. Mpaka leo Ijumaa hawajatuma.