Msimamizi wa matoleo awe mmoja tu

Fungua `.bashrc` (faili la mipangilio linalosomwa terminali inapofunguka) ya mtu anayeandika programu kwa lugha tatu: utakuta mstari wa nvm (ya Node, inayoendesha JavaScript), chini yake wa pyenv (ya Python), kisha wa rbenv (ya Ruby), na wakati mwingine asdf, ya lugha nyingi, imekaa juu ya yote. Hawa ndio wasimamizi wa matoleo: programu za kusakinisha na kuchagua toleo la lugha. Kila mmoja unataka kutangulia kwenye PATH, orodha ya folda ambamo terminali hutafuta amri. Node ikiwa imesimamiwa na nvm na asdf kwa pamoja, aliyesomwa mwisho ndiye mshindi, na `node -v` inakupa toleo ambalo mradi haukulitaja kabisa.

Chagua mmoja na uwafute wengine. Mimi naichagua mise, inayosimamia lugha zote hizo peke yake.

asdf ina heshima yake, na faili lake la `.tool-versions`, linalotaja matoleo ya mradi, linasomwa hata na mise. Ila asdf inaweka vifaili vya kupokea amri ndani ya `~/.asdf/shims`. Ukiita `python`, kifaili hicho ndicho kinachopokea, kinatafuta toleo la mradi, kisha ndipo kinaita Python yenyewe. Ukiuliza `which python` unaonyeshwa mpokezi, si mwenye nyumba. mise iliyowashwa kwenye terminali inabadilisha PATH moja kwa moja, hivyo `which python` inakutajia folda halisi pamoja na namba ya toleo. Siku mambo yakiharibika, jibu hilo moja linaokoa saa nzima ya kubahatisha.

Sababu yangu ya pili ni Python. pyenv kwa kawaida huijenga kutoka msimbo chanzo. Kwenye Ubuntu isiyo na `libffi-dev`, ujenzi unaweza kumalizika kwa onyo tu, kisha baadaye ukakumbana na `No module named '_ctypes'`. Dawa ni kusakinisha `libffi-dev`, `libssl-dev`, `zlib1g-dev`, `libbz2-dev` na `libsqlite3-dev`, halafu kuijenga upya. mise hupakua Python iliyokwisha kujengwa, ikiwepo kwa mashine yako.

Kuhama si kazi kubwa. Futa mistari ya zamani, weka `eval "$(mise activate bash)"` mwishoni mwa `.bashrc`, fungua terminali mpya, ingia kwenye mradi na uandike `mise use --pin node@22`. Usiiache `--pin`. Bila hiyo, `mise.toml` inabaki na "22" tupu, na wenzako wawili waliosakinisha miezi tofauti watakuwa na Node tofauti huku faili likiwa lile lile. Liweke kwenye Git. Mwenzako ataandika `mise install`. Akiambiwa faili haliaminiki, alisome kwanza, ndipo aandike `mise trust`.

Mradi wenye `.nvmrc`, faili ambamo nvm husoma toleo? mise za karibuni hazilisomi mpaka uziruhusu: `mise settings add idiomatic_version_file_enable_tools node`.

Cron, inayoendesha kazi kwa ratiba, ndiyo inayowakwamisha wengi. Haisomi `.bashrc`, na inaanzia kwenye folda yako ya nyumbani, kwa hiyo haioni PATH ya mise wala `mise.toml` ya mradi. Andika kamili: `cd ~/mradi && ~/.local/bin/mise exec -- node kazi.js`. Kihariri kinachofunguliwa kwa kubofya ikoni kinaweza kuugua vivyo hivyo. Hapo ongeza `~/.local/share/mise/shims` kwenye PATH yake.

Anayeandika JavaScript peke yake anatoshwa na nvm, ilimradi akumbuke `nvm use` kila anapobadili folda. Akiongeza lugha ya pili, ahame siku hiyo hiyo, kabla mistari haijarundikana.