Furu wa Ziwa Victoria hawakusubiri mamilioni ya miaka

Makala yenu kuhusu chanzo cha spishi inasema spishi mpya (aina mpya ya kiumbe) huhitaji mamilioni ya miaka kutokea. Kwa viumbe wengi ni kweli, lakini sisi wa Kanda ya Ziwa tuna furu, samaki wadogo wa ziwani! Ziwa Victoria lilikauka, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na humo zimepatikana aina zaidi ya 500 za furu. Nilipokuwa mdogo, bibi akiparua furu jike tulimpanua mdomo na kukuta vitoto vyake vimejaa ndani, maana huvilea mdomoni. Hatukujua tumeshika kitu gani.

Kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza wapo furu wa spishi mbili zilizo ndugu. Dume wa bluu hukaa maji ya juu. Mwenye mgongo mwekundu hukaa chini zaidi (huyu jina lake la kisayansi ni la Mwalimu Nyerere). Kina kikiongezeka, mwanga wa bluu hufifia, unabaki mwekundu. Macho ya majike wa chini huona wekundu vizuri zaidi, na jike humchagua dume anayemwona sawasawa. Vizazi vinapita, makundi hayazaliani tena, na hakuna ukuta wowote kati yao.

Kinachoniuma ni tope. Maji yakichafuka jike hatofautishi rangi, anazaa na yeyote, na spishi mbili zinarudi kuwa moja. Kila siku tunamlaumu sangara aliyeletwa miaka ya 1950, na kweli alikula furu wengi mno. Udongo na mbolea kutoka mashambani kwetu, vinavyochafua maji hayo, mbona hamkuvitaja kwenye makala?