Kofia ya chuma ya 1916: ipakwe rangi upya au ibaki na makovu yake?

Kofia ya chuma ya Mjerumani ya mwaka 1916, iliyochukua nafasi ya ile ya ngozi yenye ncha, imewagawa wakusanyaji. Wapo wanaotaka ipakwe rangi irudi kama ilivyotoka kiwandani, na wapo wasiotaka hata kitambaa kiiguse. Kila upande una hoja, ila hazilingani uzito.

Wapakaji wanaanzia kwenye kutu, na hapo wana haki. Kutu hushika unyevu, na unyevu huzaa kutu zaidi. Kofia iliyofukuliwa shambani Verdun, Ufaransa, isiyobakiwa na rangi hata punje, haina cha kupoteza. Ikipakwa praima na kijivu-kijani kisichong'aa itadumu, na mtazamaji ataiona kama askari alivyoivaa.

Balaa ni msasa unapotangulia macho. Julai 1918 ilitoka amri kofia zipakwe mabaka ya kijani, manjano ya udongo na hudhurungi, yakitenganishwa na mistari myeusi yenye upana wa kidole. Leo mabaka hayo mara nyingi yamefunikwa na uchafu na kutu nyembamba, na jicho linaona kofia ya kahawia tu. Brashi ya waya kwenye drili huyamaliza kwa dakika chache, na hakuna fundi awezaye kuyarudisha. Kwa hiyo lowesha pamba kwa maji ya betri yasiyo na asidi, ikamue, futa sehemu ndogo kama sarafu, kisha mulika tochi kutoka pembeni. Mstari mweusi ukijitokeza, weka msasa kando.

Kutu iliyokaa juu ya rangi hutolewa kwa asidi ya oksaliki, gramu 20 kwa lita moja ya maji vuguvugu. Ni sumu: vaa glavu na miwani. Ichovye kofia humo, itoe kila nusu saa na uisugue kwa brashi laini ya nailoni. Ukiisahau usiku kucha, utakuta utando wa njano unaogoma kutoka. Suuza, ipitishe kwenye maji ya magadi, suuza tena, kausha kwa hewa ya moto, maliza kwa nta nyembamba. Asidi ya limau ni rahisi kupatikana, lakini huila rangi ya zamani.

Haya yote ni kwa kofia tupu. Ikiwa bado ina bitana lake la mito mitatu ya ngozi, usiichovye. Wala usikimbilie kuifungua: pini tatu zinazoshika bitana zina miguu miwili ya kukunja, na iliyoliwa na kutu hukatika ukiinyoosha. Safisha kwa pamba, bitana likiwa mahali pake. Ngozi inayotoa unga mwekundu haitaki mafuta, yanaifanya nyeusi na laini kupita kiasi. Inataka Klucel G, unga wa selulosi unaoshikanisha ngozi, gramu 10 hadi 20 kwa lita ya spiriti.

Hoja nzito zaidi dhidi ya kupaka ni uaminifu. Kofia iliyopakwa leo, ikachakazwa kidogo, kesho inauzwa kama halisi. Anayepaka kofia tupu kwa nia njema aache wazi mhuri wa ndani upande wa kushoto, mathalani ET64, yaani kiwanda cha Thale na saizi 64, na aandike mwaka wa kazi yake ndani, mahali bitana linapokaa.