Asante kwa Kunibeba, Sasa Jengeni Njia

Nairobi haina uhaba wa watu wema. Nikisimamisha kiti changu cha magurudumu mbele ya ngazi za jengo lolote katikati ya jiji, kabla sijafungua mdomo wameshajitokeza: muuza soksi, mwendesha boda, askari wa mlangoni na mpita njia mwenye tai. Huyu anashika gurudumu, yule mgongo wa kiti, na nainuliwa kama sofa inayohamishwa Eastleigh. Nikifika juu napewa pole, naombewa, na kila mtu anaenda zake akiwa ameridhika na nafsi yake.

Wema huo, nimekuja kuamini, ndio unaotuchelewesha.

Mwenye jengo akiona wateja wanapanda, hata kwa kubebwa, atagharamia zege ya nini? Kwake shida ilishatatuliwa, tena bure, na vijana wa barabarani. Siku ya mvua vijana hao wamejikinga kwingine, nami nabaki nje. Na sijagusia habari ya mikono. Mwanamke anayebebwa na wanaume asiowajua hujifunza kunyamaza kuhusu mahali mikono hiyo inaposhika, maana akilalamika ataambiwa hana shukrani.

Kwenye matatu hata huo wema una saa zake. Saa nne asubuhi, gari likiwa tupu, makanga ni ndugu yangu kabisa: "Siz, kuja, tunakupakia!" Saa kumi na moja jioni pale kituo cha Railways ndugu huyo hanioni. Akiniona, nauli ni ya watu wawili, mimi na kiti. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye magari ya abiria miaka miwili ya kuyarekebisha tangu kifungu hicho kianze kutumika, na wenye majengo ya umma miaka mitano. Halafu ikaja Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 54 kinataja waziwazi haki yetu ya kufika mahali, kutumia usafiri wa umma na kupata habari. Mei 2025 sheria mpya ikatiwa sahihi kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Matatu nazo hazikukaa bure miaka hiyo yote. Zimepata televisheni, taa za kila rangi na spika za kutikisa mbavu. Ngazi ya mlangoni ni ile ile.

Meneja mmoja wa jengo aliwahi kuniambia, kwa upole kabisa, kwamba wateja "wa aina yenu" hawaji kwake, kwa hiyo rampu, ile njia ya mteremko ya kupitishia viti vyetu, ingekuwa hasara. Watakujaje? Ni hesabu ya mtu anayefunga mlango kisha analalamika kwamba wageni hawapiti. Wengine hukimbilia sensa. Ya 2009 ilisema tuko asilimia 3.5 ya Wakenya. Ya 2019 ikasema asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, yaani karibu watu 900,000. Ama miujiza ya mikutano ya maombi ya Uhuru Park imefanya kazi kweli, ama namna ya kuuliza ilibadilika. Ilibadilika. Na bado kuna nyumba ambamo karani wa sensa huonyeshwa watoto wote isipokuwa mmoja.

Siku hizi, pale ninapoweza, nakataa kubebwa. "Asante kaka, lakini leo sipandi. Niitie anayesimamia hapa." Askari hukasirika kidogo, na ninamwelewa, nimemnyima thawabu yake. Msimamizi akishuka huniambia, "Madam, si ungetuma mtu?" Namuuliza ni nani mwenye uamuzi wa kuweka rampu, na lini. Naandika jina lake na tarehe mbele ya macho yake, napiga picha ngazi, kisha naleta barua nakala mbili, moja ipigwe muhuri irudi nami. Sheria ile ya 2003 ilikuwa imelikabidhi Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu uwezo wa kumtolea mwenye jengo amri ya marekebisho, lakini sikumbuki kukutana na msimamizi hata mmoja aliyejua hivyo. Barua yenye muhuri huwafanya wasome.

Mara nyingi narudi nyumbani bila nilichokifuata. Hiyo ndiyo gharama, na si ya kila mtu. Simwambii mama anayewahi dawa ya mtoto akatae kubebwa; abebwe, awahi. Nawaambia sisi wenye mshahara na nafasi ya kupoteza asubuhi moja: tukubali kuwa wasumbufu kwa niaba ya wasioweza.

Rafiki yangu kiziwi ana usumbufu wake ambao naupenda sana. Lugha ya Ishara ya Kenya ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, kifungu cha 120, lakini dirisha la zahanati si Bunge. Alikuwa akienda na mpwa wake, na daktari akimwuliza yule binti: anaumwa wapi, anakula vizuri, ana watoto? Sasa huandika kwenye simu kwa herufi kubwa NIULIZE MIMI, na kuiweka juu ya meza ya daktari kabla ya kukaa. Mpwa anafasiri akiwa amesimama nyuma yake, mahali ambapo daktari hawezi kumgeuza kuwa mgonjwa.

Miezi michache iliyopita tuliitwa kutoa maoni ya umma kuhusu bajeti, kama Katiba inavyotaka. Kikao kilikuwa ghorofa ya pili, lifti mbovu. Tulikuwa kikundi kizima, viti na magongo, tukakaa chini kwenye korido na kukataa kubebwa. Baada ya kuvutana sana, maafisa wakashuka na makaratasi yao wakinung'unika, tukajadili bajeti hapo hapo watu wakitupita na thermosi za chai. Tuliomba fedha za kurekebisha milango ya zahanati za wadi, tukamwona karani akiandika. Mwisho tukauliza kumbukumbu za kikao tungezisoma wapi.

"Ghorofa ya pili," akasema karani, "mlango wa tatu kushoto."