Scrabble: tukariri maneno mazito au maneno yanayoingia mkononi?

Mwaka 1982, mjini Manchester, mchezaji wa Scrabble Karl Khoshnaw aliweka neno la Kiingereza CAZIQUES ubaoni akavuna pointi 392 kwa zamu moja. Rekodi hiyo ndiyo inayowafanya wachezaji wengi wachanga waanze kukusanya maneno ya ajabu yenye Q, Z, X na J. Lakini ukijumlisha thamani ya kete za neno hilo unapata 28 tu. Q ilikaa kwenye mraba wa kuongeza herufi mara mbili, jumla ikawa 38. Neno likashika miraba miwili ya kuzidisha neno mara tatu, yaani mara tisa: 342. Kisha bonasi ya 50 kwa kutumia kete zote saba kwa mkupuo. Uzito wa kete ulikuwa sehemu ndogo ya hesabu, na Q na Z zote mbili zilipaswa kuwa zimeshatoka kwenye mfuko ambao una moja tu ya kila aina.

Hapo ndipo mabishano yanapoanzia. Kambi moja inasema jifunze maneno ya herufi nzito kwanza. Nyingine inasema achana nayo, kariri maneno ya herufi saba yanayoundwa na herufi za kawaida.

Kambi ya kwanza ina hoja ya hesabu. Kete zote 100 zina jumla ya pointi 187, na Q, Z (10 kila moja), J na X (8 kila moja) peke yake zinabeba 36. Kete nne, karibu sehemu moja ya tano ya thamani yote. Na ili kuzitumia huhitaji kamusi kichwani. Katika orodha ya Collins, orodha ya maneno ya Kiingereza yanayokubalika mchezoni, ambayo ndiyo inayotumika Kenya, Uganda, Nigeria na karibu dunia nzima nje ya Amerika Kaskazini, maneno ya herufi mbili yenye hizo nne ni 11 tu: QI, ZA, ZE, ZO, JA, JO, AX, EX, OX, XI, XU. Hayo yanakaririwa jioni moja.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Tuseme una Q na I mkononi, na ubaoni kuna I iliyo chini ya mraba wa kuongeza herufi mara tatu. Ukiweka Q kwenye mraba huo na I yako pembeni yake, umeandika QI kwenda kulia na QI kwenda chini. Q inahesabiwa 30 pande zote mbili: 31 na 31, jumla 62, kwa kete mbili. Linganisha na QUIZ, neno ambalo kila mtu hulifurahia: kwenye mraba wa kuzidisha neno mara mbili linatoa 44, na limekula Q na Z kwa pamoja.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili kuna njia ya mkato ambayo Mwingereza hana. Tatizo kubwa la Q ni kuitoa bila U, kwa kuwa U ziko nne tu mfukoni. Maneno mengi ya Q bila U katika orodha ya Collins yametoka Kiarabu, na sisi tunayatumia kila siku kwa sura nyingine: kadhi ni QADI (14), kibla ni QIBLA (16), talaka ni TALAQ (14), wakfu ni WAQF (19), fakiri ni FAQIR (17), nikabu ni NIQAB (16), kasida ni QASIDA (16). Hata miraa imo: QAT, na pia KHAT. Mtu aliyepita madrasa anayashika kwa siku mbili.

Mtego ni irabu ya mwisho. Mkono uliozoea Kiswahili huandika WAQFU au TALAQA, mpinzani anapinga, kete zinaondolewa na zamu imekwenda bure. Kariri umbo la orodha, maana ya Kiswahili iwe kamba ya kulivutia tu.

Maneno yetu wenyewe nayo yamo: MZEE (15), KANZU na MZUNGU (18 kila moja), UHURU, HARAMBEE, UGALI, MATATU. Wingi wake hufuata Kiingereza, kwa hiyo ni MZEES, hata kama sikio linakataa. KIKOI ni halali pia lakini linadanganya: ukilijumlisha unapata 13, ila mfuko una K moja tu. K ya pili itabidi iwe kete tupu, inayosimama badala ya herufi yoyote lakini yenye thamani sifuri, na neno linashuka hadi 8. (Alfred Butts, aliyebuni Scrabble, alipanga idadi ya herufi kwa kuzihesabu kwenye magazeti ya Kiingereza. Angehesabu ya Kiswahili, K isingekuwa moja wala isingethaminiwa 5.)

Sasa upande wa pili. Chukua A, E, I, N, R, S, T. Kila moja ina pointi 1, jumla 7. Lakini zinaunda NASTIER, RETAINS, RETINAS, STAINER na mengine, na lolote kati yake likipita kwenye mraba wa kuzidisha neno mara mbili linalipa 14 na 50, yaani 64. Na herufi hizi huja zenyewe: E ziko 12, A na I 9 kila moja, N na T 6 kila moja, S 4. Bila R, tayari ni kete 46 kati ya 100. Ndiyo maana wakufunzi husisitiza mashina kama TISANE: ongeza D upate INSTEAD, ongeza G upate SEATING, ongeza L upate SALIENT. Namna ya kujifunza ni kupanga herufi kialfabeti (AEINRST) na kujizoeza kuona maneno yaliyofichwa humo. Programu ya Zyzzyva hufanya zoezi hilo.

Udhaifu wa njia hii ni ukubwa wake. Maneno ya herufi saba yanazidi 30,000. Anayeanza nayo bila maneno mafupi hukuta ana NASTIER mkononi na hana pa kuliegemeza ubaoni, kwa sababu neno refu mara nyingi huingia kwa kugusana sambamba na mengine, na kila mgusano ni neno la herufi mbili au tatu.

Ushindi wa Wellington Jighere wa Nigeria, bingwa wa dunia huko Perth mwaka 2015, hutajwa sana hapa. Katika fainali alimshinda Mwingereza Lewis Mackay michezo minne mfululizo, na FELTY yake ya pointi 36 ikawa maarufu. Nigeria ilisifiwa kwa mbinu ya kucheza maneno ya herufi nne au tano hata pale neno refu lilipokuwepo, ili ubao ubaki finyu na kete nzuri zibaki mkononi. Kambi ya maneno mafupi hulichukua hilo kama ushahidi, ila kwa maoni yangu wanalisoma nusu. Jighere aliyajua maneno marefu akachagua kutoyacheza. Asiyeyajua hana cha kuchagua.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza: herufi mbili zote (127 katika toleo la Collins la 2019), kisha Q bila U, kisha herufi tatu zenye Z, X na J, halafu mashina ya TISANE na RETINA. CAZIQUES na QUIXOTRY yaje mwisho, au yasije kabisa.

Q yenyewe ichukuliwe kama deni. Wachambuzi hukadiria kwamba kubaki na kete tupu kuna thamani ya takriban pointi 25 na S takriban 8, lakini kubaki na Q ni hasara, kwa sababu inabana kete nyingine sita. QADI ya pointi 14 bila kuzidishwa popote mara nyingi ni mchezo mzuri. Ukingoja nafasi ya 60 na mfuko ukaisha, mpinzani anayemaliza kete anapewa mara mbili ya zilizobaki kwako: 20 kwa Q peke yake.

Anayecheza Words With Friends kwenye simu apige hesabu upya. Huko bonasi ya kete saba ni 35 badala ya 50, na J ina 10. Mizani inaelemea upande wa herufi nzito, na saa zilizotumika kwenye TISANE zinalipa pungufu.